Wimbo Uliopigwa Nje ya Matanga

Kabla sijaona kitu chochote, niliisikia ardhi. Mtetemo ulianzia kwenye nyayo, ukapanda magotini, mzito kama wa vinu ishirini vinavyotwangwa kwa mpigo mmoja. Juu yake zikaja pembe, halafu kengele za ng'ombe zikigongana ovyo, halafu sauti za wanaume zisizokuwa na maneno. Mbele yangu palikuwa na ua wa minyaa tu, umesimama kimya juani. Niliwasha kinasa sauti changu, nikakinyanyua kuelekea kwenye kelele, nikafurahi. Ndiyo, nilifurahi. Nilikuwa mwanafunzi.

Ua ulipasuka. Fahali mweusi alitokea na matawi ya minyaa kwenye pembe, utomvu mweupe ukimchuruzika usoni, na papo hapo mtu akanikamata nywele. Hakunishika mkono wala nguo. Alinishika nywele, akaning'oa pale nilipokuwa nimesimama, akanitupa kwenye shina la mti. Ng'ombe wakapita. Nyuma yao walikuja wanaume waliojipaka majivu, wenye mikuki na marungu, wakichoma hewa, wakichoma ua, wakichoma mgomba mmoja maskini hadi ukalala chini unavuja maji.

"Wanamfukuza nani?" niliuliza, mdomo umejaa vumbi.

"Kifo," alisema mama aliyeniokoa, akitoa nywele zangu vidoleni mwake. "Ulifikiri wanakimbiza sungura?"

Watu wa pwani ile ya ziwa huliita jambo hilo tero buru. Mwanamume akifa, wenzake huswaga ng'ombe hadi mpakani, hupigana na kifo huko kwa silaha za kweli, kisha hurudi wamechoka na pengine wameumia. Siku ile mmoja alirudi sikio likining'inia. Hakuna aliyemuuliza limekatwa na nani.

Marehemu alikuwa mvuvi. Mama aliyenivuta nywele alikuwa dada yake mkubwa, na ndiye aliyekuwa mwenye nyumba wangu mjini Kisumu.

Katikati ya miaka ya sabini nilikuwa nikiandika tasnifu ya shahada ya udaktari juu ya nyimbo ambazo wanawake wa kando ya ziwa huwaimbia wafu wao. Mimi mwenyewe nimezaliwa kwenye vilima vya Maragoli, na Kijaluo changu kilikuwa cha kujifunza, kinachechemea. Msimamizi wangu alikaa Nairobi. Barua zake zilikuwa fupi, na zote ziliishia kwa swali lile lile: sura ya tatu iko wapi? Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba kazi ya namna hii huliwa na upweke kabla haijaliwa na mchwa. Ziko wiki nilizopitisha bila kutamka sentensi nzima kwa mtu. Nilizungumza na karatasi, na karatasi zikawa zinajibu.

Nilianza kutafuta watu Milimani, mtaa wa wakubwa pale Kisumu, kwa sababu nilidhani msomi hushikwa mkono na msomi. Niliambiwa kuna bwana mmoja pale, afisa mkubwa, aliyesoma ng'ambo. Mbwa wake alinipokea kabla yake. Aliondoka na kipande cha sketi yangu na kipande kidogo cha nyama ya mguu, mlinzi akimwita kwa upole kama anayemwita mtoto kula. Nilipewa chai na dawa ya kidonda. Bwana yule akacheka hadi kikombe kikamwagika.

"Nyimbo za vilio? Binti, nchi inataka wahandisi."

"Na nani atamwoa?" aliuliza mkewe, akimuuliza yeye, si mimi.

Niliteremka kutoka Milimani nikichechemea, damu ndani ya kiatu. Siku ile ile nikahamia Migosi, kwenye chumba cha kupanga katika ploti ya mkunga mstaafu.

Majirani waliposikia kwamba nasomea udaktari, kesho yake niliamka nikakuta foleni mlangoni: mtoto mwenye machubwichubwi, mzee mwenye mguu uliovimba, mama mmoja aliyetaka nimpime mumewe akili.

"Daktari gani huyu hana hata sindano?"

"Ni daktari wa matanga," mwenye nyumba aliwajibu, akiwatawanya kwa ufagio. "Anatibu wafu. Nyinyi ngojeni zamu yenu."

Jina likanishika. Na yeye pia akanishika. Jumamosi ya kwanza aliingia chumbani bila kubisha, akasikiliza kanda moja hadi mwisho, akasema mwimbaji ni mwongo na maneno matatu nimeyaandika vibaya. Jumamosi ya pili alikuja na mpangaji mwenzangu, mwalimu wa shule ya msingi, mtu mwembamba wa miwani aliyependa ubishi kuliko chakula. Tangu hapo tulikaa kila Jumamosi alasiri kwenye baraza, sisi watatu, kinasa sauti juu ya meza ndogo, njugu kwenye sinia. Tulipiga kanda, tukaisimamisha, tukairudisha nyuma, tukagombana juu ya neno moja hadi chai ikapoa. Mwalimu alinipa maana ya maneno na mama akanipa maana ya mambo. Nikikwama walinisukuma. Nikilia walinicheka. Ile baraza ya mabati ndiyo iliyokuwa idara yangu na maktaba yangu, na siku nyingine ilikuwa ukoo wangu.

Lakini kanda zangu zote zilikuwa za mfano. Bibi fulani ananikalisha kwake, ananiimbia wimbo wa mtu aliyekufa yeye akiwa msichana. Msimamizi alizikataa. Aliandika kwamba anataka kilio chenyewe, si kumbukumbu ya kilio. Nilimsomea mama ile barua. Mwezi uliofuata ziwa lilimtema ndugu yake kwenye matete, naye akaja akasimama mlangoni pangu, macho makavu, nguo amezivaa upande wa nje ndani.

"Chukua hiyo mashine yako," alisema. "Twende ukapate sura yako."

Alinipa msiba wake kama mtu anayempa mwenzake chakula.

Alasiri, ng'ombe waliporudi kutoka mpakani na kaburi likiwa bado bichi, mjane alitoka ndani ya nyumba. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mabega ya kuvuta nyavu. Aliizunguka nyumba akitembea kwa nguvu kama anayetaka kuipiga, na alipofika mbele ya shemeji yake, ndugu mdogo wa marehemu, akasimama. Ndugu hao wawili walikuwa wametoka pamoja kwenda kuvua siku ya mwisho. Shemeji alikaa kwenye kiti cha mbao, mkono wa kulia umefungwa kitambaa. Mjane akaimba:

"Mlitoka wawili alfajiri, ziwa limelala.
Mkarudi mmoja, na kasia limevunjika.
Shemeji, kasia huvunjika kwenye maji?
Kasia huvunjika kwenye mfupa."

Nilidhani shemeji ataruka amkabe. Lakini wanawake walipokea kiitikio kana kwamba hakuna kilichosemwa, na shemeji mwenyewe akalia, kamasi zikimtoka, na mjane alipokauka sauti, ni yeye aliyeinuka kumpa maji. Nilimgusa mama.

"Amemwita muuaji. Mbele ya watu wote."

"Machozi hayashtakiwi," mama alisema bila kunitazama. "Siku ya kuzika mjane husema lolote. Maiti akifukiwa, maneno nayo hufukiwa."

Niliandika sentensi hiyo kwenye daftari langu. Niliipigia mistari miwili.

Wiki tatu zikapita. Jumamosi ile mama alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya ya kanisani, na barua nyingine ilikuwa imefika kutoka Nairobi. Nilimwita mwalimu barazani, nikaweka kanda.

"Hii si ya juzi?" aliuliza. "Tumngoje mama."

"Ni neno moja tu. Sikulisikia vizuri."

Alitazama langoni. Alikuwa mtu wa kanisa, asiyetaka kuonekana anaogopa mambo ya wazee. "Basi sauti iwe chini."

Sauti ikiwa chini neno halikusikika. Nikaiongeza. Kasia huvunjika kwenye mfupa. Nikarudisha nyuma, nikaongeza tena. Kasia huvunjika kwenye mfupa. Mwalimu alisema ni "mfupa", mimi nikasema kuna silabi imemezwa. Nikarudisha. Kwenye mfupa. Nikarudisha. Kwenye mfupa.

Kitu cha kwanza nilichoona ni ngege, samaki wanne wakubwa waliofungwa kwa ukindu, walipoanguka sakafuni miguuni pangu. Kila Jumamosi ndugu mdogo wa mama, yule yule shemeji aliyeimbiwa, alimletea dada yake samaki. Nilikuwa nikila samaki hao. Nilikuwa najua kwamba huja Jumamosi.

"Ndugu yangu amekufa mara ngapi?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. "Nauliza wewe, mwanamke. Mnamzika, mnamfukua. Mnamzika, mnamfukua. Amekufa mara ngapi?"

"Bwana, tuongee," mwalimu alisema, akiinuka.

Kiti kilimpata mdomoni. Miwani iliruka, na yeye akaanguka juu ya sinia la njugu, akabaki pale anatema damu na kutafuta jino kwa ulimi. Yule mtu akanishika kiganja, hiki cha kulia, kilichokuwa juu ya mashine, akakizungusha kama anayekamua nguo. Nilisikia mfupa kabla sijasikia maumivu. Kwa mkono wa kushoto, na sijui akili ile ilitoka wapi, nilichomoa kanda nikaitumbukiza kifuani. Alikanyaga kinasa sauti. Alikikanyaga polepole, kwa kisigino, hadi kikawa vipande vya bati na nyaya. Halafu akakanyaga mguu wangu. Halafu akanipiga usoni kwa mkono wazi, mara mbili, na mara ya pili sikio langu likajaa mlio ambao haukuondoka hadi mwezi ulipokwisha.

Mama alitukuta hivyo. Alikuwa na gauni jeupe la kwaya. Hakuuliza. Aliweka kitabu cha nyimbo dirishani, akachukua mchi uliokuwa umeegemea ukuta, akampiga ndugu yake begani. Akampiga mgongoni. Akampiga tena palepale, na kila mchi ulipotua nilisikia pumzi ikimtoka mtu yule kama mlango unaofunguliwa. Hakuinua mkono kumpiga dada yake. Alirudi nyuma, hatua kwa hatua, hadi langoni.

"Huyu wako nimemaliza naye," alisema, akinionyesha. "Yule aliimba ndiye atanijibu."

Tulisikia sote watatu. Na hapa ndipo aibu yangu ilipo, kuliko hata kwenye kanda: hakuna aliyemfuata. Mimi nilikuwa na mkono wangu, mwalimu alikuwa na mdomo wake, na mama alisema, "Atapoa. Amekuwa akipoa tangu utoto." Tukaenda hospitali.

Kwenye benchi la hospitali mama aliniuliza, "Uliipiga mara ngapi?"

"Mara nne."

"Mara nne." Alifunga macho. "Siku ya kuzika ni machozi. Nje ya hapo ni mashtaka. Na tena ni laana, inatafuta mtu ya kukalia."

"Ulinieleza, mama. Niliandika. Nilipigia mistari miwili."

"Ulipigia mistari," alisema. Alimgeukia mwalimu, aliyekuwa na pamba mdomoni. "Huyu anaandika, na huyu anaandika, na hakuna hata mmoja anajua kusoma."

Asubuhi ya Jumapili, watu wakiwa wanatoka kwenda kanisani, mjane alikuwa amesimama nje ya ua.

Alikuwa ametembea kutoka ufukoni kwa miguu. Jicho moja lilikuwa limefunga kabisa. Leso aliyojifunga kichwani ilikuwa imelowa na kukauka na kulowa tena, na mkono wa kushoto aliushika kwa mkono wa kulia, kwa sababu ulikuwa umepasuliwa kwa panga kutoka kiwiko hadi karibu na kifundo, na ndani yake niliona weupe. Hakuingia. Aliweka vidole vya miguu kwenye mstari wa lango, akaviondoa, kama mtu aliyegusa makaa.

"Wifi," alimwita mama. "Naomba maji tu. Niwekee chini hapo, nitaokota."

Sikuelewa, na mwalimu ndiye aliyeninong'oneza kwa mdomo wake uliovimba. Mwanamke yule alikuwa bado kwenye chola, hali ya mjane ambaye hajafunguliwa msiba. Mjane wa chola haingii katika nyumba za watu, kwa maana anatembea na kifo, na nyumba atakayoingia kifo hubaki humo. Kwao kulikuwa Awasi, lakini wasingempokea huko pia. Akirudi ufukoni shemeji anamngoja na lile panga. Basi hapakuwa na paa hata moja chini ya mbingu ambalo lingeweza kumfunika, na mimi ndiye niliyemfikisha hapo, kwa neno moja nililotaka kulisikia vizuri.

Wapangaji walitoka vyumbani. Mama mmoja, mzee wa kanisa, alianua nguo za watoto wake kutoka kwenye kamba iliyokuwa karibu na lango, akazikumbatia.

"Mama, tuna watoto hapa," alisema.

"Hata mimi," akasema mwingine. "Si kwa ubaya. Lakini hiyo kitu ikiingia, haitoki."

Mwenye nyumba alisimama na kikombe cha maji mkononi. Nilijua ninachotaka kusema, na nilijua sina haki ya kukisema. Nyumba haikuwa yangu. Ndugu hakuwa wangu. Hata kifo, kama kingekuja, kisingekuja kwa jina langu. Nikaelewa kwamba mama alikuwa akipima vitu ambavyo mimi nilikuwa nimevisoma tu.

"Nani hapa sijamzalisha?" mama aliuliza hatimaye, bila kuinua sauti. "Hii mikono imeshika damu ya kila nyumba. Hamkuogopa. Leo ndio damu inawatisha?"

Alitoka nje ya lango. Mjane alirudi nyuma. "Usiniguse, wifi, usiniguse." Mama akamshika kiuno, akamwingiza, akamvusha ua mzima mbele ya macho ya watu, akamlaza kitandani pangu juu ya karatasi zangu.

Alimshona mwenyewe. Alichemsha sindano na uzi kwenye sufuria juu ya jiko la makaa, mwalimu akashika beseni, mimi nikashika kichwa chake kwa mkono wangu mmoja mzima. Mjane aliuma leso. Sindano ilipoingia mara ya kumi hivi, nilishindwa kunyamaza.

"Ni mimi," nilisema. "Ni mimi niliyeipiga."

Alitoa leso mdomoni. "Najua. Alinieleza akiwa anakata." Alipumua. "Aliniambia, 'Msomi wako ameipenda sana, hata anarudia.'"

Mama alivuta uzi. Mjane alikunja miguu, akainyoosha, akaniangalia kwa jicho lake moja.

"Ilitoka vizuri?"

"Nini?"

"Sauti yangu. Kwa hiyo mashine. Ilitoka vizuri?"

"Vizuri sana," nilisema, na nikaanza kulia.

"Basi siku moja uiandike. Nikishafunguliwa msiba. Kabla ya hapo, hapana." Akarudisha leso mdomoni. Alifunguliwa msiba mwaka uliofuata, na ndiyo maana nimeweza kuyaweka maneno yake hapa.

Adhuhuri ndugu yake mama alikuja. Watu walikuwa wamerudi kutoka kanisani na wamekaa milangoni mwao wakichambua mboga, na walimwona akivuka ua na panga lililofungwa kwa gazeti, na wakaendelea kuchambua mboga. Aliingia chumbani kwangu, akasimama ndani ya mlango. Alikuwa amekunywa, lakini miguu yake ilikuwa imara. Mama alikuwa amekaa chini mbele ya kitanda, ananawa damu kwenye beseni. Nyuma yake mjane alijaribu kuinuka, na mwalimu akamshika bega.

"Nyaminwa," alisema, yaani dada yetu. "Sikuja kupigana na wewe. Nataka vitu viwili, niende. Nataka ile sauti. Na nataka huyo."

Kanda ilikuwa bado kifuani pangu. Kwa muda wa pumzi tatu, na ninaziungama moja moja, sikufikiria yule mwanamke kitandani. Nilifikiria sura ya tatu. Nilifikiria kilio chenyewe, cha pekee nilichokuwa nacho, na miaka yangu, na msimamizi. Halafu nikaitoa, nikampa. Aliitupa kwenye makaa. Ilijikunja, ikatoa moshi mweusi wenye harufu ya nywele zinazoungua, na sote tukakohoa. Tasnifu niliimaliza baada ya miaka mingine miwili. Sura yake ya tatu ni fupi.

"Sasa huyo," alisema, akifungua gazeti.

"Umechukua sauti," mama alisema. "Nenda."

"Huyo ni mke wa nyumba yetu. Niko na haki."

"Ulikuwa na haki ya kumlisha."

"Dada, ondoka hapo. Nitakuruka, na sitaki kukuruka."

Mama alipangusa mikono kwa gauni. Alifungua kitambaa chake cha kichwa, akakiweka sakafuni, na kichwa chake chenye mvi kikawa wazi mbele ya ndugu yake. Halafu, akiwa amekaa vilevile, macho yake kwenye macho ya mtu yule, akaanza kumlilia.

Nilikuwa nimesikiliza nyimbo za namna hiyo kwa miaka mitatu, na damu yangu ilisimama. Alikuwa anamwimbia wimbo wa maiti. Sitaandika maneno yake. Mtu yule, nijuavyo, bado yuko hai, na mimi nimejifunza kusoma. Nitasema tu kwamba alimwita kwa jina lake, na kwa jina la baba yao, na kwa jina la maziwa aliyonyonya. Alimweleza jinsi alivyomkata kitovu kwa mikono yake mwenyewe akiwa msichana wa miaka kumi na mitano. Akataja kasia. Kumbe alikuwa akijua. Siku zote alikuwa akijua, akala samaki wake, akanyamaza. Kisha, ndani ya wimbo, akamlaza kaburini kando ya kaka yake, akauliza ni nani atakayeswaga ng'ombe kwa ajili ya mtu aliyemfukuza mwenye ng'ombe.

"Nyamaza," alisema ndugu yake. Panga lilikuwa juu. "Nyaminwa, nyamaza. Niko hai."

Mama hakunyamaza.

"Niko hai!" Alipiga panga kwenye kizingiti, vipande vya mbao vikaruka. Alilipiga kwenye meza yangu, ikapasuka katikati, wino ukamwagika. Alilipiga ukutani karibu na sikio la dada yake, chokaa ikamwangukia begani, na sauti haikutetemeka. Aligeuka akapaza sauti nje, kwa watu wa ploti. "Mnaniona! Si mnaniona? Mwambieni niko hai!"

Nje mikono iliacha mboga. Mama yule mzee wa kanisa, aliyeanua nguo za watoto wake asubuhi, aliinuka kwenye kigoda chake. Nilidhani anakimbia. Akaweka mikono kichwani akapokea kiitikio. Mwingine naye akapokea, kutoka chumba cha mwisho, na mwingine kutoka bombani, kwa kuwa kilio kikishaanzishwa, mwanamke hawezi kumwachia mwenzake akibebe peke yake, hata kama hajui ni cha nani. Kitandani mjane alitoa leso mdomoni, na sauti yake iliyokauka ikaingia. Na mimi niliyefundishwa kunasa tu, mimi wa Kijaluo cha kuchechemea, nikafungua mdomo nikaimba.

Yule mtu alifunika masikio. Panga lilikuwa bado mkononi, na makali yakamkata shavu bila yeye kujua. Alimtazama dada yake kama anayemwona kutoka chini ya maji. Midomo yake ilisema kitu, labda jina alilokuwa akimwita utotoni, halafu akarudi nyuma, kisigino kikatafuta kizingiti, kikakipata. Aliteremka barazani. Wanawake uani hawakumwondokea njia, ilimbidi apite katikati yao, na kila aliyepitwa naye alimlilia usoni.

Mama aliimba hadi mgongo wa ndugu yake ulipopotea langoni. Kisha akainuka kwa shida, mkono mmoja kwenye goti, akausukuma mlango ukafunga, akatia komeo.